Shajara ya mradi: kusoma herufi za viwanda kwenye sarafu za kopo la Ngamiani

Naiandika shajara hii kwa yeyote mwenye kopo la sarafu za babu chini ya kitanda, na Tanga makopo hayo si machache. Mji huu ulitumia pesa za kampuni ya Wajerumani, ukaja kutumia rupia na heller, yaani senti za rupia hiyo, kisha senti na shilingi za Waingereza. Kila zamu ilipokwisha, watu walibaki na chenji isiyonunua kitu. Leo chenji hiyo inauzwa kwa kilo pamoja na shaba chakavu, au inayeyushwa, au inatoka mikononi mwa wenyewe kwa maneno ya watu wajanja. Inaniuma, kwa sababu sarafu hizo zimeandikwa zilikotoka. Kinachotakiwa ni mtu wa kuzisoma.

Kazi yenyewe ni kutambua kila sarafu ilipigwa kiwanda gani, kwa herufi ndogo iliyowekwa na kiwanda, na kuiandika kwenye daftari kwa namna ambayo mwingine anaweza kuihakiki.

6 Januari 2024: Kopo, herufi na vifaa

Kopo ni la bibi mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili, mtaa wa Ngamiani hapa Tanga, mjane wa fundi wa reli. Masharti yake ni mawili: sarafu isivuke mtaa bila yeye kujua, na isisuguliwe hata moja. "Kuuza siuzi, mwanangu," alisema. "Nataka niambiwe marehemu aliniachia nini."

Herufi za kutafuta ni hizi. Kwa sarafu za Ujerumani za 1904 hadi 1914, A ni Berlin na J ni Hamburg. T ni Tabora, nayo ni ya 1916 peke yake. Kwa sarafu za Afrika Mashariki za Waingereza, H ni kiwanda cha Heaton cha Birmingham, KN ni King's Norton, pia cha Birmingham, I ni Bombay na SA ni Pretoria. Sarafu ya Mwingereza isiyo na herufi yoyote ilipigwa kiwanda cha kifalme cha London.

Pesa za kampuni, za 1890 hadi 1892, hazina herufi kabisa, kwa hiyo usipoteze macho yako hapo. Zina maandishi ya Kiarabu yenye jina la sharika ya Almania, yaani kampuni ya Ujerumani, na mwaka wa Hijria 1307, 1308 au 1309. Aliyepita chuo cha Kurani atazisoma mwenyewe bila lenzi.

Gharama mpaka leo, kwa shilingi: lenzi ya sonara ya kukuza mara kumi, 18,000. Mizani ndogo inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, 30,000. Kalipa ya plastiki, ya kupimia kipenyo, 6,000 (usinunue ya chuma, inakwaruza). Daftari la mistari, 2,500. Sumaku imetoka kwenye spika mbovu.

20 Januari: Mwanga

Hatua hii ndiyo iliyokula muda kuliko nilivyotarajia. Herufi yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mtama, na kwenye sarafu iliyozunguka sokoni miaka thelathini imebaki kama kivuli tu.

Taa ya dari haikufaa. Inamulika kutoka juu, sarafu nzima inang'aa sawasawa na herufi inapotea ndani ya mng'ao. Mwanga wa kamera ya simu ulikuwa mbaya zaidi: picha zilitoka na doa jeupe katikati. Nilijaribu pia kuweka karatasi nyembamba juu ya sarafu na kusugua penseli. Mwaka ulitokea vizuri, hata taji, lakini herufi ya kiwanda ikatoka kama kidoa kisicho na umbo. Njia ya penseli ifutwe kwenye orodha kwa kazi hii.

Kilichofaa ni tochi iliyolazwa mezani, karibu usawa wa sarafu, chumba kikiwa na giza. Mwanga ukipita kwa ubavu, kilichoinuka hata kidogo kinatupa kivuli. Kisha sarafu izungushwe polepole, duara zima. Hilo la kuzungusha ndilo muhimu: mguu mmoja wa herufi unaonekana tochi ikiwa kushoto, mguu wa pili unajitokeza tochi ikiwa juu. Anayetazama upande mmoja tu ataandika nusu ya herufi.

Kwenye rupia, usitafute upande wa kichwa cha Kaisari. Herufi iko upande wa pili, wenye thamani na mwaka.

Gharama: hakuna mpya. Tochi ni ya nyumbani.

11 Februari: Uchafu

Sarafu kadhaa za shaba zilikuwa na utando mweusi mzito mahali pa herufi. Kila aliyepita barazani alikuwa na dawa yake: ndimu, siki, majivu, dawa ya kung'arishia vyombo. Zote zinafanya kazi ile ile, zinakula shaba. Ndimu haichagui kati ya uchafu na herufi, na herufi iliyobaki na kimo cha unywele haihimili. Ushahidi umo humo koponi: baadhi ya heller ziliwahi kusafishwa zamani, zina rangi ya waridi isiyo ya kawaida, na mahali pa herufi pamekuwa laini kama paji la uso. Hizo nimeziandika "haisomeki" na hazitasomeka tena.

Mafuta ya nazi nimeyajaribu kwa heller moja iliyokwisha kuharibika, isiyo na cha kupoteza. Baada ya wiki mbili yalilainisha tope lakini yakaacha utando unaonata na kuvuta vumbi. Hayafai, hasa kwa hewa yetu.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza ni asetoni safi, dakika chache ndani ya kikombe cha kioo, dirisha wazi na mbali na moto. Inaondoa mafuta, gundi na jasho la mikono bila kugusa shaba wala fedha. Haiondoi kutu ya kijani, na haikusudiwi. La pili ni ncha ya kijiti cha mwiba au cha njiti, chini ya lenzi, kubandua tope lililokauka kandokando ya herufi. Kijiti kikisita, unaacha.

Chupa ya asetoni, 9,000. Iwe asetoni tupu. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha ina mafuta na manukato ndani yake.

9 Machi: Herufi haisomwi peke yake

Daftari limejaa vya kutosha, na hapa ndipo mradi umebadilika sura. Ukikusanya majibu ya lenzi peke yake unapata mambo yasiyowezekana. Rupia moja niliisoma "1908 A" usiku, na mchana ikasomeka vile vile. Lakini rupia za 1908 zilipigwa Hamburg tu. Hakuna 1908 A.

Kwa hiyo nimeandika ukurasa wa mbele kabisa orodha ya rupia moja zilizowahi kuwepo. 1904 ni A tu. 1905 na 1906 zina A na J. 1907 na 1908 ni J tu. 1909 ni A tu. 1910 ni J tu. 1911 ina zote mbili, 1912 ni J tu, 1913 zote mbili, 1914 J tu. Heller moja zinakaribiana na hizo ila 1904 zina zote mbili, kuanzia 1907 hadi 1912 ni J mtindo mmoja, na A inarudi 1913.

Kwa orodha hiyo mkononi nilirudi kwenye rupia yangu. A ilikuwa A kweli, ncha yake imesimama. Tatizo lilikuwa mwaka: 6 iliyolika juu, uchafu ukaziba mwanya wake, ikafunga duara na kuwa 8. Ni 1906 A. Asetoni ilifungua mwanya.

Utaratibu sasa ni kusoma vitu vinne kwa kila sarafu, navyo ni mwaka, herufi, uzito na kipenyo, kisha kuuliza kama mchanganyiko huo ulipata kutengenezwa. Rupia moja nzima ina gramu 11.66 na milimita 30.5. Nusu rupia ina 5.83, robo ina 2.92. Iliyozunguka sana itapungua kidogo. Ya gramu 11.4 hainishtui.

Kuna mtego wa J na I. J ya Hamburg ikilika ndoano yake ya chini inabaki mstari uliosimama, na kopo hili lina I halali za Bombay. Kwa Mjerumani jibu ni rahisi, I haikuwepo, kwa hiyo mstari ni J. Kwa Mwingereza hakuna wokovu wa namna hiyo. Shilingi za 1942 zilipigwa Birmingham na Bombay, zina H na zina I, na H iliyopoteza mguu mmoja na kiungo cha kati ni I kamili machoni. Nilipozishindania sana nilianza kupima nafasi badala ya umbo: mstari wa I umekaa katikati ya nafasi yake, mguu wa H uliobaki umesogea pembeni, na ukizungusha tochi kuna alama hafifu pale mguu wa pili ulipokuwa. Mbili zimeamuliwa hivyo. Moja imekataa, na daftarini imeandikwa "1942, H au I". Iachwe hivyo. Anayeandika jibu asilokuwa nalo anaharibu kurasa zote nyingine.

Ramadhani inaingia wiki hii. Kazi ya lenzi na macho yenye njaa haviendi pamoja, nitarudi baada ya Idi.

27 Aprili: Masika

Idi imepita, mvua haijapita, na kopo limefunguliwa likakutwa na tatizo. Sarafu zilizokwisha kusomwa zilikuwa kwenye vifuko laini vya plastiki, vile vya kuwekea vitambulisho, kwa sababu vinaonyesha pande zote mbili. Plastiki hiyo imetoa jasho. Sarafu za shaba zimepata utando wa kijani unaonata, na shilingi mbili za fedha zimeanza ukungu.

Si kutu bado, ni mafuta ya plastiki yenyewe yanayotoka kwa joto. Asetoni imeondoa yote kwa kuwa imewahiwa. Ingekaa mwaka, ingeingia ndani ya metali. Vifuko vyote vimetupwa.

Badala yake kila sarafu inakaa kwenye bahasha ndogo ya karatasi nyeupe isiyo na gundi upande wa ndani, maelezo yanaandikwa juu ya bahasha kabla sarafu haijaingia, na bahasha zinasimama ndani ya bati la biskuti lenye pakiti za kukausha zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Muuza viatu wa Mgandini amenipa rundo bure. Pakiti zinashiba maji. Zinaanikwa juani kila zinapolegea. Wazo la kutumia mchele mkavu nimelikataa: una vumbi na unaleta fukusi.

Bahasha na bati: 7,000. Sarafu ishikwe ukingoni, kwa vidole vikavu, juu ya taulo. Sakafu ya saruji imeshaharibu sarafu nyingi nzuri.

15 Juni: T ya Tabora

Nilikuwa nangoja hatua hii tangu mwanzo. Kopo lina heller 20 mbili za 1916, na chini ya mwaka, zote mbili, T.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika mwaka wa pili, meli za Waingereza zilikuwa zimeziba pwani na sarafu kutoka Ujerumani zisingeweza kufika. Wajerumani wakaanza kupiga zao Tabora, katika karakana ya reli, kwa metali waliyoipata: heller 5 za shaba ya manjano, heller 20 za shaba nyekundu na za shaba ya manjano, na rupia 15 za dhahabu zenye tembo, dhahabu ikitoka machimbo ya Sekenke. Waingereza waliitwaa Tanga Julai 1916 na Wabelgiji wakaingia Tabora Septemba mwaka huo huo. Reli ya Tanga haikuwa imeungana na Reli ya Kati, ipitayo Tabora, bado. Heller hizi mbili zilifika huku mfukoni mwa mtu, kwa njia ndefu, na mume wa bibi alikuwa mtu wa reli. Zaidi ya hapo siwezi kusema, na natamani ningeweza.

Kwa kuwa zilitengenezwa kwa haraka na mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, heller 20 za Tabora hazifanani. Taji ni la aina mbili, kubwa na dogo. Neno HELLER lina L za aina tatu: ncha za L zote mbili zimechongoka, au ncha ya L ya pili peke yake imejikunja, au zote mbili zimejikunja. Ukiunganisha na metali mbili, jozi ni nyingi, na hazikutoka kwa wingi sawa.

Taji nililijaribu kwanza kwa macho. Haiwezekani. Taji ni kubwa kuliko lipi, kama unalo moja mkononi? Hata zote mbili zikiwa mezani, iliyolika inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Lenzi ya mara kumi nayo haikutosha kwa ncha za L.

Msaada umetoka kwa fundi simu wa jirani, ambaye ana hadubini ya kuchomelea saketi. Hadubini ile ina taa ya duara, nayo ni ile ile taa ya dari kwa udogo, kwa hiyo tuliizima na kutumia tochi ubavuni. Bibi alikuja mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja, na fundi akamwonyesha T kwenye skrini. Akaitazama kimya, kisha akamwambia fundi, "Isogeze tena, mjukuu wangu, nione na huo mwaka."

Picha zilipigwa kwa umbali mmoja usiobadilika, rula ya milimita ikiwa kando ya sarafu. Nimezichapisha kwa ukubwa mmoja, nikachora taji la kila moja kwenye karatasi ya kupitishia mwanga na kuweka mchoro juu ya mchoro. Mataji ni mawili tofauti, hakuna ubishi. L zilihitaji tochi pande mbili: mwanga wa kushoto ulionyesha ncha zimechongoka, wa juu ukaonyesha L ya pili ina mkunjo uliolika. Sarafu ya kwanza sasa ni taji kubwa, mkunjo kwenye L ya pili. Ya pili ni taji dogo, ncha zote zimechongoka.

Ikabaki metali. Zote mbili ni za kahawia iliyokolea, na shaba ya manjano ikikaa miaka mia inageuka rangi hiyo hiyo. Jamaa mmoja pale dukani alitaka kukwaruza ukingo kwa tupa ili tuone ndani. Hapana. Maji yanatoa jibu lile lile bila jeraha.

Namna yake: pima sarafu kavu. Weka glasi ya maji juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri. Fungia sarafu uzi mwembamba na uizamishe yote bila kugusa chini wala ukingo. Namba inayotokea ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawa uzito wa kwanza kwa huo wa pili. Shaba nyekundu inatoa karibu 8.9, shaba ya manjano inatoa karibu 8.5. Tuseme sarafu ina gramu 10: ya kwanza itasukuma maji ya gramu 1.12, ya pili 1.18. Tofauti ni ndogo, ndiyo maana mizani ya jikoni haifai.

Majaribio ya mwanzo yalitoa 8.1 na hata 7.8, ambayo si ya shaba yoyote. Sababu ilikuwa mapovu ya hewa yaliyong'ang'ania kwenye maandishi ya sarafu. Maji yaliyochemshwa yakapozwa, na tone moja la sabuni ya vyombo, vilimaliza tatizo, na namba zikatulia. Yenye taji kubwa ni shaba ya manjano, yenye taji dogo ni shaba nyekundu. Usitumie uzito peke yake kama kipimo cha uhalali kwa hizi za Tabora. Vipande vyake havikukatwa kwa usawa.

Gharama: kuchapisha picha, 4,000. Fundi amekataa malipo, nimemnunulia chakula cha mchana.

3 Agosti: Waingereza, na swali la "bila herufi"

Nitakwenda haraka, maana senti ni nyingi na nyepesi kusoma. Zile za tundu hazina kichwa cha mfalme, na ndiyo sababu senti 10 za 1936 zenye jina EDWARDVS VIII zilipigwa kwa wingi na kutumika ingawa mfalme huyo aliondoka kabla mwaka haujaisha. Zipo zisizo na herufi, zipo za H, zipo za KN. Kopo lina H na KN.

Panapohitaji uangalifu ni sarafu inayoonekana haina herufi. Kuna miaka ambayo utupu ni jibu halali: shilingi za 1952 zipo za London, za H na za KN. Kuna miaka ambayo utupu hauwezekani: shilingi za 1944 ni H au SA tu, kwa hiyo ukiona patupu ujue herufi imelika au imezibwa. Kwa 1952 mimi siandiki "London" mpaka niwe nimezungusha tochi duara zima na kuona uso wa metali ni laini, hauna kivuli. Kumbuka pia shilingi hadi 1946 zina robo ya fedha, na kuanzia 1948 ni shaba na nikeli; za zamani zikilika zinapata rangi ya njano njano kwenye vilele.

Rupia moja ilikuwa kidani cha mkufu, imelehemiwa kikonyo. Lehemu imefunika herufi na uzito umepanda hadi 11.93. Sonara alijitolea kuiyeyusha lehemu, lakini moto ungebadilisha uso wa sarafu nzima. Mwaka ni 1911, ambao una A na J, kwa hiyo orodha haisaidii. Imeandikwa "1911, herufi imefunikwa, kidani". Bibi anasema aliivaa siku ya harusi yake, na maelezo hayo pia yameingia kwenye bahasha.

24 Agosti: Nakala bandia na wageni

Habari za kopo zimevuka mtaa. Alikuja mtu akiuliza kama kuna rupia "inayovuta mchele", ile inayodaiwa kuwa na nguvu za ajabu, akataja mamilioni, na akataka kwanza pesa ya kupimia. Nawaomba wasomaji wa Tanga na kwingineko: rupia ni fedha na shaba. Haivuti mchele, haivuti kiberiti, na haivutwi na sumaku. Anayeomba pesa ya kupima amekuja kuchukua pesa hiyo.

Sumaku imefichua jambo jingine. Rupia moja koponi ilinasa. Ina gramu 8 na kidogo, J yake ni nene na imevimba pembeni, na mwaka wake ni 1909, ambao ni wa A tu. Mjukuu wa bibi aliinunua sokoni miaka michache iliyopita na kuitia koponi kwa nia njema. Imetengwa, bahasha yake ina alama nyekundu, na haitupwi: ni ya kufundishia. Kila anayeanza apewe hii na rupia halali, moja kila mkono, kabla hajapewa lenzi.

Jumla ya gharama zote: 76,500.

Daftari limenakiliwa na nakala moja iko kwa bibi. Safu zake ni hizi, kwa anayetaka kuiga: namba ya bahasha, thamani, mwaka, herufi, uzito, kipenyo, sumaku ndiyo au hapana, mwanga ulitoka upande gani herufi ilipoonekana, na nani mwingine aliyeisoma bila kuambiwa jibu la kwanza. Safu hiyo ya mwisho nimeiongeza mwezi huu. Fundi simu anasoma upya bahasha zote za 1942 na 1952, na majibu yake yataingia hapa atakapomaliza.